Msimu Usio na Stering

Hii ni hotuba niliyowatolea waigizaji na waandishi chipukizi Jumamosi, katika ukumbi wa jamii hapa Eastlands, Nairobi. Wengi mlizuiwa na mvua na wengine mlikuwa kazini, kwa hivyo nimeiandika nzima, jinsi nilivyoisema.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu na dada zangu, hamjambo?

Niwaulize kwanza. Nani hapa amewahi kulipa shilingi 10 kuingia kibanda cha muvi? Nyoosheni mikono. Asanteni. Naona na wazee wamo.

Basi sheria ya kibanda mnaijua. Mlango ukifungwa, kabla hata risasi ya kwanza haijalia, lazima mtu aulize, "Stering ni nani?" Akishaonyeshwa, anatulia. Kwa nini anatulia? Kwa sababu stering, yaani shujaa wa muvi, hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini hafi. Mimi nililelewa na sheria hiyo kule Dandora. DJ Afro, mtafsiri wa muvi, alikuwa akitusimulia kwa Kiswahili, na hata sisi tusiojua Kiingereza tukajua ni nani wa kumshangilia na ni nani adui. Pale ndipo nilipojifunza kupenda hadithi, na sitaacha kushukuru.

Lakini leo nimekuja kuwaeleza kuhusu msimu mmoja wa tamthilia ya uhalifu ulioivunja sheria hiyo ya kibanda. Nimeutazama mara nne. Kila nikikaa kuandika, ndio ninaoufikiria. Ni msimu wa 4 wa The Wire.

Kwa ambao hamjaitazama: ni tamthilia ya Marekani, inayosimulia mji wa Baltimore. Televisheni ya HBO walianza kuionyesha mwaka 2002 ikaisha 2008, misimu 5, sehemu 60. Aliyeibuni ni David Simon, aliyekuwa mwandishi wa habari za uhalifu katika gazeti la Baltimore Sun. Bega kwa bega naye alikuwa Ed Burns, mpelelezi wa kesi za mauaji katika polisi ya mji huo huo, ambaye alipoacha upolisi alienda kufundisha shule. Hilo la ualimu lishikeni, nitalirudia.

Sasa angalieni walichokifanya. Kufikia mwisho wa msimu wa 3, mwaka 2004, watu walikuwa wamewazoea wakubwa watatu. Kulikuwa na Stringer Bell, aliyeigizwa na Idris Elba, muuza unga, yaani dawa za kulevya, anayesoma masomo ya biashara jioni. Kulikuwa na mshirika wake Avon Barksdale, yaani Wood Harris. Na kulikuwa na mpelelezi McNulty, yaani Dominic West, mlevi, mkaidi, hodari wa kazi. Stringer akauawa. Avon akafungwa. Msimu wa 4 ukaanza tarehe 10 Septemba 2006, na McNulty, ambaye ndiye mliyedhani ni stering, amevaa sare, anapiga doria, na sehemu nzima inaweza kupita ukimwona dakika mbili tatu. Ni kama Gor Mahia waingie uwanjani kucheza na mahasimu wao Ingwe, nahodha wao akae jukwaani na mashabiki.

Nafasi hiyo wakampa nani? Wakawapa watoto wanne wa shule.

Nasema tena: watoto wanne wa shule! Wa darasa la nane. Michael, Namond, Randy na Dukie. Waigizaji wao walikuwa Tristan Wilds, Julito McCullum, Maestro Harrell na Jermaine Crawford, na majina hayo hayakuwa na uzito wowote wa kumvuta mtu mbele ya televisheni. Niliponunua CD ile mjini, nilikaa sehemu mbili nzima nikisubiri stering aje. Nikakasirika. Kufikia sehemu ya tatu sikumsubiri tena mtu yeyote.

Nataka niwaeleze kilichonigeuza. Ni kitu cha nusu dakika.

Dukie ndiye maskini kuliko wote. Kwao wote wanatumia unga. Akipewa nguo mpya, jamaa zake wanaziuza. Ananuka, na darasani watoto hawataki kuketi karibu naye. Siku moja ameokota feni ndogo ya mkononi, ile ya betri, imeharibika, mtu ameitupa. Yuko nayo darasani, anaichezea, anaifungua, anairekebisha. Wakati huo huo wasichana wawili wanachokozana. Mmoja anammulika mwenzake usoni kwa mng'ao wa jua, anammulika tena, anammulika tena. Yule anayemulikwa anainuka na kumkata mwenzake uso kwa wembe. Damu, mayowe, watoto wanakimbilia huku na huku, mwalimu ameganda.

Kamera inaenda wapi? Niambieni nyinyi, kama ni sisi tunapiga picha, kamera ingeenda wapi? Ingeenda kwenye damu. Wao wakampeleka Dukie kwa yule msichana aliyekata. Msichana yuko chini, ameduwaa, hajui mkono wake umefanya nini. Dukie anachutama karibu naye. Anaisogeza ile feni mbele ya uso wake, inazunguka, inampepea. Hasemi neno.

Mwandishi hakutuambia kwamba Dukie ana moyo mwema. Hakutuambia kwamba mtoto anayekimbiwa na wote anamtambua haraka aliyebaki peke yake. Alimpa mtoto feni mbovu, basi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kwa kila mhusika ninayemwandika: huyu mkononi ameshika nini?

Tuje kwa Randy, na hapa mnivumilie kwa sababu Randy ninamjua.

Randy analelewa na mama asiyemzaa, Miss Anna, mwanamke mkali mwenye mapenzi. Ni mfanyabiashara. Anauza peremende shuleni, anapiga hesabu ya faida, anaota siku moja atafungua duka lake. Mimi darasa la saba niliketi dawati moja na kijana wa namna hiyo. Aliuza mabuyu na njugu. Alikuwa akirarua kurasa za nyuma za daftari la Sayansi, anaviringa karatasi, anakunja ncha kwa kidole gumba, anajaza. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa rangi ya mabuyu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Siku moja kitu kikapotea ofisini, akaitwa, akaulizwa maswali mlango ukiwa umefungwa. Alipotoka, mwalimu mmoja akasema mbele ya darasa zima, "Mwenzenu ametusaidia sana." Maneno matatu tu. Mwalimu alidhani anamsifu. Kuanzia mapumziko ya saa nne hakuna aliyenunua mabuyu yake. Ilisemekana ametuchoma, yaani ametusaliti. Muhula uliofuata hakurudi, na mimi niliyeketi naye sikwenda kwao kuuliza.

Sasa mnaelewa kwa nini Randy ananiuma. Naye alijua jambo dogo kuhusu mauaji. Alibanwa na usimamizi wa shule kwa kosa jingine, akaogopa kwamba Miss Anna ataitwa, akalisema lile analolijua ili ajiokoe. Polisi wakalichukua. Polisi mmoja, Herc, aliyeigizwa na Domenick Lombardozzi, akiwa anamhoji mtu mwingine, akaropoka kuwa Randy ndiye aliyesema. Herc si katili. Hana chuki na Randy. Ni mzembe, mdomo wake hauna mlango. Nyumba ya Miss Anna ikachomwa moto usiku, na mama akalazwa na majeraha ya moto.

Kisha kuna ukumbi mrefu wa hospitali. Sajenti Carver, yaani Seth Gilliam, alikuwa amemwahidi mtoto kwamba atamlinda. Anaondoka, mgongo umeinama, na Randy nyuma yake anamuuliza: utanilinda, Sajenti? Umeahidi, sivyo? Utanilinda? Analirudia, na sauti yake inazidi kuwa ngumu. Ni mtoto tuliyemwona akicheka sehemu kumi na zaidi. Carver hata anajaribu kumchukua akae naye, anaambiwa utaratibu wake ni wa miezi. Anamrudisha kwenye makao ya watoto. Anaketi ndani ya gari na kuupiga usukani kwa ngumi.

Ndugu zangu, adui yuko wapi katika hadithi hii? Nionyesheni adui. Kuna msaidizi wa mwalimu mkuu aliyefanya kazi yake. Kuna polisi mzembe na polisi mwema. Kuna fomu za kujazwa. Waliomchoma wapo, lakini tunawaona kama kivuli tu. Hapo ndipo ninapotaka tufike tunapoandika uhalifu wa mji huu. Mtoto anaweza kuangamizwa na watu ambao wote wangepita mtihani wa tabia njema.

Namond nitamtaja kwa ufupi. Ndiye mwenye kelele, mwenye nywele nyingi na maneno mengi, na ndiye asiyefaa kabisa kwa kazi ya kuuza unga. Baba yake, Wee-Bey, yuko gerezani maisha, na mama yake anamsukuma barabarani arithi kazi ya baba. Anayeokoka ni huyu. Anachukuliwa na Bunny Colvin, polisi mstaafu, aliyeigizwa na Robert Wisdom, na ridhaa inatoka kwa baba muuaji aliyeko jela. Mlitarajia hivyo? Mimi nilitarajia aokoke Michael, mwenye akili, mtulivu, anayemlea mdogo wake Bug, anayempikia na kumsaidia kazi za shule.

Kwa Michael nitasema jambo moja ambalo waandishi mlioko hapa mnapaswa kulala nalo. Michael hapendi mtu mzima wa kiume amguse. Mkufunzi wa ndondi akimwekea mkono begani, anajitoa. Hatuambiwi kwa nini. Baba yake Bug anatoka gerezani na kurudi nyumbani, na mtoto huyu jasiri anakuwa kama amemezwa na hofu. Hatuambiwi kwa nini. Hatimaye anaenda kwa Marlo Stanfield, mkuu mpya wa mtaa, yaani Jamie Hector, kuomba msaada. Ni Marlo yule yule ambaye siku za nyuma Michael alikataa pesa zake mbele ya wenzake wote.

Anayetumwa ni Chris Partlow, aliyeigizwa na Gbenga Akinnagbe, Mmarekani ambaye wazazi wake wametoka Nigeria. Chris huua kwa utaratibu: sauti ya chini, risasi moja, maiti inafichwa ndani ya nyumba tupu na mlango unapigwa misumari. Msimu mzima hajawahi kupandisha sauti. Usiku huo anatembea na yule baba, anamuuliza maswali machache kuhusu yeye na watoto, na ghafla anampiga kwa mikono, anampiga, anampiga mpaka anakufa, kisha anamtemea mate. Mwenzake, Snoop, ambaye hakuna kitu kinachomshtua, amesimama pembeni ameshtuka.

Hakuna aliyetusimulia utoto wa Chris. Hakuna picha ya zamani iliyoletwa. Hakuna machozi. Lakini ukishaona mikono ile unajua kwamba yaliyompata Michael yalimpata na yeye. Sisi tungeandika ukurasa mzima wa Chris akimweleza Snoop maisha yake. Mimi ningeuandika, nakiri. Sasa siuandiki.

Turudi kwa ule ualimu wa Ed Burns. Katika misimu ya mwanzo kulikuwa na polisi kijana, Pryzbylewski, walimwita Prez, aliyeigizwa na Jim True-Frost. Katika msimu wa 3 alimpiga risasi polisi mwenzake gizani kwa makosa, akamuua, akaacha kazi. Msimu wa 4 anaingia darasani kufundisha hesabu. Kilichoandikwa pale kinajua harufu ya chaki. Watoto hawashiki hesabu hata kidogo, mpaka anapoleta dadu na kuwafunza uwezekano kwa mchezo wanaoucheza mtaani. Wanashika! Halafu inakuja amri: acha hayo, wafunze kujibu maswali ya mtihani. Nani hapa alifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kabla haijaondolewa, ile ya mwisho ikiwa 2023? Basi sina haja ya kuwaeleza. Na ni Prez huyo huyo anayefua nguo za Dukie shuleni na kumwachia aoge pale asubuhi kabla wenzake hawajafika. Nguo zinafuliwa, zinakunjwa, zinawekwa mahali salama. Mtoto anapandishwa sekondari, ambako hakuna Prez, na anaishia barabarani.

Sasa waigizaji. Hapa nawasihi msikilize, kwa sababu kila wiki naulizwa, "Sina jina, nani atanichukua?"

Snoop aliigizwa na Felicia Pearson, na mhusika akaitwa kwa jina lake. Alizaliwa Baltimore, na alifungwa akiwa bado msichana mdogo kwa kesi ya mauaji. Michael K. Williams, aliyemwigiza Omar, yule anayewapora wauza unga, alikutana naye klabuni akampeleka kwa watayarishaji. Shemasi wa kanisa katika tamthilia hiyo ni Melvin Williams, ambaye maishani alikuwa muuza unga mkubwa wa Baltimore, na mmoja wa polisi waliomkamata ni Ed Burns mwenyewe. Kuna sajenti anayeitwa Jay Landsman, aliyeigizwa na Delaney Williams. Jay Landsman wa kweli, polisi wa kweli, naye yumo, akiigiza afisa mwingine. Na wale watoto wanne? Aliyewafunza ni Robert Chew, yule mnene, mpole wa sauti, aliyemwigiza Proposition Joe. Alikuwa mwalimu wa uigizaji wa vijana pale pale Baltimore. Akitoka kwenye sehemu yake, anaenda kukaa na watoto na kupitia mistari yao. Alifariki mwaka 2013. Michael K. Williams akamfuata 2021, na Lance Reddick, aliyemwigiza mkuu wa polisi Daniels, 2023. Kila mmoja wao akifariki nilirudi kutazama tena.

Wapo pia waliotoka mbali. Idris Elba na Dominic West ni Waingereza, na Aidan Gillen, aliyemwigiza mwanasiasa Carcetti anayegombea umeya, ni wa Ireland. Walikuja wakajifunza kinywa cha Baltimore. Kwa hivyo sisemi kwamba ni lazima uwe umezaliwa mahali ndipo upaigize. Ninachosema ni kwamba wenyeji walikuwepo mle ndani, na mgeni hawezi kudanganya mbele ya mwenyeji.

Hapa kwetu tumeanza. Mwaka 2021 tulipata Crime and Justice, Sarah Hassan na Alphonse Makokha wakiwa wapelelezi Makena na Silas, ndani ya Nairobi yetu hii. Nilifurahi kuuona mji wangu ukipigwa picha kwa heshima. Na nikabaki na njaa moja: kumfuata mshukiwa hadi kwao. Nimwone akivua viatu mlangoni. Nijue sufuria iko jikoni au haiko.

Nina sababu ya kuwa na njaa hiyo. Miaka michache iliyopita niliandika skripti ya uhalifu, nikaipeleka kituo kimoja, wakaikataa. Walisema haina stering wa kutosha. Nikaileta hapa tuisome. Kijana mmoja, leo ameketi safu ya tatu, nilimpa sehemu ya Jambazi wa Pili. Mstari wake ulikuwa mmoja: "Twende, karao wamefika." Akausoma. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, huyu anaitwa nani?" Nikamwambia, anaitwa Jambazi wa Pili. Akanyamaza, akauliza tena, "Mama yake anamwitaje?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika kurasa 60 na sikujua mama yake anamwitaje.

Nikarudi nyumbani nikaanza upya. Sasa anaitwa Juma. Anafanya kazi ya mkokoteni katika soko la Gikomba, na mkokoteni si wake, anaukodi kwa siku. Anadaiwa kodi ya nyumba ya miezi miwili. Ana dada kidato cha pili anayedhani kaka yake ni fundi wa umeme, kwa sababu aliwahi kurekebisha redio ya jirani. Kwenye mfuko wa koti ana bisibisi ndogo, na bisibisi hiyo ndiyo itakayoonekana mezani polisi wakimwaga vitu vyake. Bado anasema mstari ule ule mmoja. Lakini akiusema sasa, anakuwa ametazama nyuma kwanza.

Tutapumzika, tunywe chai, halafu tuisome upya kuanzia onyesho la nne. Sehemu ya Juma inabaki kwa yule kijana wa safu ya tatu. Dada yake bado hatujapata, kwa hivyo wasichana mlio chini ya miaka 18, mje mbele tuwasikilize. Mama aliyeketi karibu na dirisha, nimezungumza naye asubuhi, amekubali kusoma sehemu ya mama yake Juma. Ana mistari sita. Wa kwanza ni kumwita jina akiwa jikoni, kabla hajamwona, kwa kusikia viatu tu. Vijana wa nyuma, nisaidieni kusogeza viti ukutani, tunahitaji nafasi ya mlango.